Ufunguo wa Kasha Lisiloonekana

(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu, Kilambo)



Wenzetu waliotutangulia wamenena juu ya korosho, ufuta na maghala. Sisi wa ofisini tumeona yafaa kunena juu ya ufunguo.

Kila mwanachama alijua kasha la chuma lililomo ofisini. Lina funguo mbili: mmoja uko kwa Mwenyekiti, wa pili uko kwa Mweka Hazina. Tuliianza desturi hiyo si kwa kushukiana, bali kwa kuwa mali ya wengi haifai kulindwa na mtu mmoja. Lakini siku hizi mali yetu nyingi haimo katika kasha hilo. Korosho hupokelewa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza mkoani kwetu katika msimu wa 2007/2008. Malipo hupita benki, na orodha za majina, kilo na namba za akaunti za wakulima husafiri kwa barua pepe. Hilo ndilo kasha letu jipya, nalo tulilifunga kwa neno la siri peke yake.

Hapana budi tukiri kosa letu. Msimu uliopita ilitufikia barua pepe iliyofanana na ya benki, ikitutaka tuhakikishe akaunti yetu upesi kabla haijafungwa. Tuliifuata, tukaandika neno la siri; kisha tukaandika na tarakimu sita zilizoletwa kwa simu. Kumbe tovuti ile ilikuwa ya mwizi. Kwa siku nne hatukuweza kuingia katika barua zetu wenyewe. Tulikwenda benki siku ile ile, malipo yakazuiwa, wala haikupotea hata shilingi. Lakini wakulima walingoja fedha zao wakati wa kulipa karo, na fedheha ilikuwa yetu.

Tokea hapo tumejifunza habari za ufunguo wa usalama. Ni kifaa kidogo mfano wa flashi, huchomekwa katika kompyuta, na aina nyingine hugusishwa nyuma ya simu. Ukishaandika neno la siri, tovuti hutaka ufunguo, nawe huugusa kwa kidole. Siku ya kuandikishwa, ufunguo hufanya maagano na tovuti moja kwa jina lake. Kila uingiapo, tovuti hutoa swali jipya, na ufunguo hulijibu kwa siri iliyomo ndani yake, isiyotoka kamwe. Tovuti ya uongo yaweza kudanganya jicho la Katibu. Bali jina lake likihitilafiana hata kwa herufi moja, ufunguo haujibu. Ni kama kivukoni kwetu Ruvuma: hata ukijua jina la nahodha na saa ya safari, huvuki mpaka upande chomboni kwa miguu yako mwenyewe.

Wala haya si maneno matupu. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilieleza kwamba wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 walikuwa wakitumia funguo hizo tangu mapema mwaka 2017, wala haikuthibitika akaunti ya kazi hata moja kuibwa kwa hila ya namna hiyo. Mwaka 2022 wezi waliwadanganya baadhi ya wafanyakazi wa kampuni ya Cloudflare wakatoa maneno yao ya siri; lakini wezi hawakupita, kwa sababu hawakuwa na funguo mkononi.

Hata hivyo tusijidanganye. Ufunguo haumzuii mtu kutuma fedha kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ya ujumbe wa uongo wa simu, wala hauponyi kompyuta iliyokwisha kuingiliwa. Tena si kila mfumo unaoukubali. Kwa hiyo tuanze na barua pepe, kwani ndiyo mlango wa kubadilishia maneno mengine yote ya siri.

Tunaomba basi kila chama cha msingi kinunue funguo mbili, si mmoja. Zote mbili ziandikishwe siku moja. Mmoja ukae na Katibu, wa pili utiwe ndani ya kasha la chuma, ili wa kwanza ukipotea shambani au mtoni kazi isisimame. Katibu akiacha kazi, aurudishe ufunguo mbele ya Bodi na jina lake lifutwe. Gharama yake si ndogo kwa chama kichanga, lakini si kitu mbele ya jasho la msimu mzima.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: na daftari bila ufunguo ni mali ya kila mpita njia.