Piko Ikikuunguza, Usinyamaze



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhani hii, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu vijana, na nyinyi mama zetu, kumi la mwisho likiingia macho huanza kuitazama Idi. Mafundi cherehani wanazidiwa na kazi, na kwa fundi wa hina foleni inafika mlangoni. Basi leo tuzungumze juu ya hiyo hina. Na nyinyi wavulana msicheke, wanaoumia ni dada zenu.

Hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa. Mwanzo rangi yake ni ya machungwa, kisha kwa siku moja au mbili huiva ikawa nyekundu ya kahawia. Haiwi nyeusi tititi. Ile nyeusi tunayoiita piko, mara nyingi siku hizi ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali inayoitwa PPD. Imekusudiwa nywele, si ngozi. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 hata kwenye rangi ya nywele, na Marekani hairuhusu iwemo katika vipodozi vya kupakwa ngozini. Sisi tunamchora nayo mtoto wa miaka mitano!

Dalili zake unazijua. Fundi anakwambia itashika kwa nusu saa, rangi inatoka nyeusi papo hapo, na harufu ni ya dawa, si ya majani. Ukiona hayo, simama uulize: umechanganya nini humu? Una haki ya kuuliza kabla mkono wako haujaguswa.

Wengine hupaka na wasidhurike, ndiyo maana tunadharau. Lakini mwengine baada ya siku chache, au hata wiki mbili, mkono unawasha, unavimba, unatoa malengelenge yaliyofuata maua yale yale. Yakipona huenda yakaacha kovu au alama nyeupe. Jamani, tumekatazwa tatuu, tukaruhusiwa hina ambayo hufutika. Sasa tumeigeuza hina yenyewe kuwa alama isiyofutika! Na tatizo halimaliziki hapo. Mwili ukishaikataa PPD, huikataa maisha. Binti huyo akija kupaka rangi ya nywele akiwa mtu mzima, anaweza kuvimba uso mzima. Hata baadhi ya dawa za ganzi zinaweza kumdhuru.

Je, yakikufika? Osha kwa maji mengi na sabuni mara tu mwasho unapoanza. Usipasue malengelenge, wala usipake dawa ya meno. Nenda hospitali, umwambie daktari wazi kuwa ulipakwa piko. Kisha piga picha, weka risiti, na ukiweza ipate pakiti iliyotumika.

Halafu likaja lile linalotushinda: kumwambia fundi. Tunasema, "Ah, ni jirani, ni mke wa mjomba, tumwachie Mungu." Ndugu yangu, kusamehe ni jambo jema, lakini kunyamaza si kusamehe. Ukinyamaza, kesho anapakwa mwengine. Dini yetu imemruhusu aliyedhulumiwa aseme, na mafakihi wamesema kuwa anayewatibu watu bila ujuzi akawadhuru, dhamana ni juu yake. Kwa nini fundi wa piko awe nje ya kanuni hiyo?

Ila tuwe waadilifu. Ua likipinda, au rangi ikififia, hilo ni la kuelewana: akurudishie pesa au akuchore upya. Ngozi ikiungua ni jambo jengine. Mwendee kwa adabu pamoja na mzee mmoja, umwonyeshe mkono, udai gharama za matibabu, na aache kutumia dawa hiyo. Usikimbilie kumtangaza kwenye simu na matusi juu yake; hapo saumu yako utaichezea.

Akikataa, sheria ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma nzuri, kuelezwa anachouziwa, kulindwa afya yake na kulipwa fidia akidhurika. Iko pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Usiende kwa Kadhi na kesi hii. Yeye huamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi.

Na wewe dada fundi, sikuja kukukatia riziki. Kazi yako ni ya heshima, na hina halisi bado ina wateja. Waambie ukweli: hii ni hina, itakuwa nyekundu, itahitaji saa kadhaa. Atakayetaka nyeusi kwa nusu saa, mkatae. Shilingi uliyoipata kwa kumuunguza mtoto wa mwenzio haina baraka.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, atufikishe Idi kwa afya, na mikono ya mabinti zetu ibaki salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.