Isaka Isibaki na Vumbi

Msikilizaji, habari za reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka umeshazisikia, hatuzirudii. Kinachotutia wasiwasi sisi tulioko hapa Nyasubi, Kahama, ni stesheni ya zamani ya Isaka na yadi yake ya mizigo. Mbona haitajwi?

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Ikabeba pamba ya Usukuma miaka nenda miaka rudi. Pamba ikapita. Miaka ya 1990 Isaka ikawa bandari kavu: mzigo wa Rwanda na Burundi unashushwa kwenye behewa, unakaguliwa na forodha, unapakiwa kwenye lori. Hata chakula cha msaada, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, kilipitia hapo. Nacho kikapita. Mzigo unapita, vumbi linabaki.

Kisha treni zikadhoofika. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kampuni ya RITES ya India; haikufika mbali, Serikali ikairudisha mikononi mwake. Malori ya Kigali yakazoea kwenda moja kwa moja Dar es Salaam, yakipita Kahama usiku na mchana. Kuli wa Isaka akakosa mzigo, mama lishe akakosa mteja. Mzigo unapita, vumbi linabaki.

Hata dhahabu ya mgodi wa Bulyanhulu ilipita. Ya Buzwagi ilipita mpaka mgodi ukafungwa. Sasa inakuja reli mpya, kilomita 341, aliyoiwekea jiwe la msingi Rais Samia Suluhu Hassan Juni 2021. Tunaitaka reli hiyo. Tusichokitaka ni nayo kupita tu.

Shirika la Reli, tuambieni: yadi ya zamani itakuwa na kazi gani? Madiwani wa Msalala na Kahama, daini maghala ya mpunga na pamba yajengwe pale pale, mkulima auzie relini. Daini vijana wetu wafundishwe kazi za reli leo, wasisubiri kuitwa kuchimba mitaro.

Nanyi wananchi, msikae kimya! Nendeni kwenye mikutano ya vijiji na mitaa. Kiongozi akisimama, muulizeni: yadi ya Isaka ina mpango gani? Akizunguka, muulizeni tena. Akiahidi, mtakeni aahidi kwa maandishi, yaingie kwenye muhtasari wa mkutano. Isaka ni yetu, tuidai sasa!