Sensa Hukupa Jina, Gazeti Hukupa Kisa

Msikilizaji, hata ukoo uliosambaratishwa unaweza kufuatiliwa. Sensa hukupa jina. Gazeti hukupa kisa.

Watazame Wamarekani Weusi. Katika sensa ya mwaka 1860, watumwa wengi waliandikwa umri, jinsia na rangi tu, bila majina, chini ya jina la bwana wao. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo iliyowaandika wengi wao kwa majina kwa mara ya kwanza. Nayo magazeti, kama Christian Recorder la Philadelphia, yalichapisha matangazo ya akina mama waliowatafuta watoto wao waliouzwa. Walitaja jina la mtoto, jina la bwana, na mahali walipotenganishwa.

Nawe anza leo. Waulize wazee majina, vijiji na miaka. Yaandike majibu yao. Kisha nenda kwenye nyaraka za taifa au maktaba kuu. Ulizia sensa zilizo wazi kwa umma na magazeti ya miaka hiyo. Jina likiandikwa tofauti, linganisha umri na mahali. Ukikuta habari ya kesi au kifungo, ihakiki kwanza, na uwasitiri walio hai.

Kumbuka: sensa hukupa jina, gazeti hukupa kisa. Lakini anza na wazee, wangali nasi.