Saa za kopi: tuanze namna gani kuzikusanya na kuzibadilisha

Maneno ya watu wa meza ya saa kwenye mkutano wa mwezi. Tumeyaandika hapa juu ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mnakumbuka siku tuliposhuka Baraka. Meli za HCR kutoka Kigoma zilianza kuturudisha mwaka 2005, na kila mmoja wetu ana mwaka wake na meli yake. Lakini kitu kimoja kilitupata karibu wote: tulishuka na saa mkononi, na ile saa ilikuwa mbele. Tanzania inatutangulia kwa dakika 60, hata kama ziwa ni moja. Uvira na Bujumbura tuko sawa, Kinshasa iko nyuma yetu kwa dakika 60 zingine. Kuna mama hapa ndani ambaye majuma mawili ya kwanza alikuwa anafika kanisani kabla mlango haujafunguliwa. Na kuna baba mmoja aliyekataa kabisa kurudisha mishale nyuma. Alisema, "Hii ni saa ya Nyarugusu, muiache." Tulicheka, lakini tulimuelewa.

Hiyo meza yetu ilianzia hapo. Tulikuwa wanne, kila mtu na saa yake iliyokufa, tunakaa Jumapili kisha ibada na kuzifungua. Leo tuko tisa. Si kazi ya kutajirisha mtu, tuseme ukweli. Ni mchezo wa watu wazima, lakini mchezo unaofundisha mkono kutulia. Wengi wenu mnatuuliza mnaweza kuanza namna gani. Tutasema yale tunayoyajua, na mwishoni tutasema jambo moja ambalo limetuumiza.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Saa nyingi zinazouzwa kwetu, sokoni Maendeleo au Mulongwe, ni kopi. Imeandikwa Rolex, bei ni dola tano. Hapo hata mtoto anajua. Lakini kopi si takataka. Ndani yake mara nyingi kuna mashini ya kweli inayohesabu vizuri. Ile mashini ya pile inafanya kazi hivi: kuna kijiwe kidogo cha kwozi ambacho umeme unakitikisa mara 32,768 kwa sekunde. Ile hesabu inagawanywa kwa mbili mara 15, inabaki moja, na mshale unaruka mara moja. Kampuni ya Seiko ya Japani iliuza saa ya kwanza ya mkono ya namna hiyo Desemba 1969. Siku hizo ilikuwa bei ya gari. Leo kazi ileile inafanywa na mashini ya bei kidogo kabisa. Uongo wa kopi hauko kwenye hesabu yake, uko kwenye jina lililoandikwa usoni.

Sasa, kuanza. Usianze na saa nzuri. Tafuta tatu zilizokufa, na mbili kati yao ziwe za aina moja, juu moja itatoa viungo vya kuponya ingine. Vyombo si vingi: turnevisi ndogo kabisa, pensi yenye ncha nyembamba, kisu kisichokata sana cha kufungulia mgongo, lupa, na sahani nyeupe ili kijisumari kikianguka ukione. Weka na bilauri karibu. Ukiitwa kula, funika mashini kwa bilauri, maana vumbi la barabara yetu mnalijua.

Juma la kwanza badilisha mkanda tu. Pima nafasi kati ya masikio ya saa: nyingi ni milimita 18, 20 ao 22. Ukinunua mkanda bila kupima, utarudi sokoni mara mbili. Saa yenye mkanda mpya na kioo kilichosuguliwa kwa dawa ya meno tayari inaonekana saa ingine. Lakini dawa ya meno inasaidia kioo cha plastiki peke yake. Kwenye kioo chenyewe haifanyi kitu.

Juma la pili, pile. Saa nyingi za mishale zinatumia ile yenye namba 626, maana yake upana milimita 6.8 na unene 2.6. Angalia herufi za mbele. SR ni ya fedha na umeme wake hauteremki mpaka karibu na mwisho. LR ni ya bei ndogo, umeme wake unateremka kidogokidogo, na ikisahaulika ndani inatoa maji yanayokula mashini. Kopi nyingi tulizofungua hazikufa, pile ya LR ndiyo iliyoziua. Na hapa, mama zetu, tusikilizane vizuri: pile hizi za duara zisibaki mezani penye watoto, zaidi zile pana. Mtoto akimeza moja na ikakwama kooni, inaanza kuunguza ndani ya saa mbili. Usingoje kesho, mpeleke kwa muganga papo hapo. Sisi tunazo zote ndani ya chupa yenye kifuniko, hata zile zilizokwisha.

Mwezi wa pili ndipo ufikie uso na mishale. Funika uso kwa kipande cha plastiki laini, halafu inua mishale kutoka pande mbili kwa pamoja, polepole. Usiguse uso kwa kidole, mafuta ya kidole hayatoki. Ukirudisha, panga mishale yote ikiangalia 12, kisha izungushe mzunguko mzima uone kama hakuna inayogusa mwenzake. Ukichukua uso wa saa ingine, angalia miguu yake miwili ya nyuma. Isipoingia kwenye matundu ya mashini, usiilazimishe. Kila mmoja wetu amevunja uso mmoja hapo, mtavunja na nyinyi.

Kuna mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni maji. Baada ya mto Mulongwe kufurika Aprili 2020, na miaka ziwa lilipopanda mpaka ndani ya nyumba za watu, tulipokea saa nyingi zilizolowa. Watu walishangaa: "Lakini imeandikwa metre 30!" Hata kwenye saa ya kweli, 30 maana yake ni matone ya kunawa, si kuogelea. Kwenye kopi ni maandishi tu. Saa ikilowa, toa pile mara moja, maana umeme na maji vikikaa pamoja vinakula shaba. Kisha iache ikauke kivulini ikiwa wazi. La pili ni saa za babu zetu. Saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba zinazong'aa usiku ziliweza kupakwa radiumu. Radiumu nyingi ya zamani ilitengenezwa kule Olen, Ubelgiji, kutoka mawe ya Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga. Kungaa kunaweza kuisha lakini sumu bado iko. Saa ya namna hiyo usiikwangue na usipulize vumbi lake. Ifunge uiache hivyo.

Sasa kutambua kopi. Tuchukue mbili ambazo tunaziona sana. Casio F-91W, ile ya plastiki nyeusi iliyotoka 1989: finya kitufe cha kuume kwa sekunde tatu. Ile ya kweli inaonyesha jina Casio kwenye kioo, kopi nyingi hazijui kujibu. Ya pili ni Seiko 5. Hiyo ilianza 1963 na inajitia nguvu yenyewe kwa mwendo wa mkono. Haina pile. Ile yenye mashini 7S26 mshale wake wa sekunde unatembea hatua sita ndogondogo kwa sekunde, unaonekana kama unateleza. Ukiona Seiko 5 ambayo mshale wake unaruka mara moja kwa sekunde, hiyo si Seiko 5.

Na kama imesimama? Hapo ndipo tulipoanguka.

Mwaka jana kijana mmoja wa chama hiki alihitaji dola 60 za kulipa deni la mke wake kujifungua. Alileta rehani: saa ya marehemu baba yake, imeandikwa Seiko 5, aliyomuachia kambini. Ilikuwa imesimama. Kila mtu alisema, "Hizi za kujitia nguvu zinasimama zisipovaliwa," na komite ikaipokea. Hakuna aliyeifungua, hata sisi tuliokuwepo tukijiita mafundi.

Miezi miwili ikapita bila malipo. Akapatikana mnunuzi kutoka Kavimvira, na dola 55 mkononi. Komite ikatuletea saa tuisafishe kwanza. Tulipotoa mgongo tulikuta pete ya plastiki, mashini ya pile, na pile yenyewe imetapika.

Tusifiche kitu. Tulibishana mpaka usiku. Wawili wetu walisema tufunge, tusafishe, tunyamaze: kasha litapata pesa yake karibu yote, kijana atatoka kwenye deni, na mnunuzi hatajua kamwe. Hesabu yao ilikuwa nzuri. Kitu kilichotuzuia si utakatifu. Ni kwamba mmoja wetu, ambaye huwa hasemi sana, aliuliza: "Nyinyi mlivyorudi, kiwanja chenu mlikikuta na nani?" Tukanyamaza wote. Wengi wetu hapa tulirudi tukakuta kiwanja cha familia kimeuzwa, na aliyenunua ana karatasi yenye sinyatire na muhuri, na karatasi ni ya uongo. Naye alilipa pesa ya kweli. Tunajua namna inavyouma kitu kinapobeba jina ambalo si lake. Na tulitaka sisi wenyewe kumtengenezea mtu karatasi kama ile.

Tulimuita kijana kwanza, peke yake, tukamfungulia mbele yake. Aliangalia muda mrefu. Aliuliza kitu kimoja tu: "Baba alijua?" Hatukuwa na jibu.

Mnunuzi tulimwambia ukweli, akatoa dola nne, tukakataa. Komite ilikubali kijana alipe dola tano kwa mwezi, na amemaliza mwezi uliopita, mpigieni makofi. Saa alituomba tuiponye. Tuliweka mashini mpya ya pile, tukaacha uso uleule, mishale ileile, na mkwaruzo ule karibu na 4 ambao alisema anaukumbuka tangu mtoto. Ameivaa leo, iko hapa kati yetu. Kwenye kitabu chetu haikuandikwa Seiko. Imeandikwa: saa ya baba, kopi, mashini mpya.

Kutoka siku ile meza yetu iko na masharti matatu, na yeyote anayekuja kujifunza anayakubali kwanza. Moja: kila kopi tunayoigusa tunachora herufi K ndani ya mgongo, na tunaandika kwenye kitabu tulichobadilisha. Mbili: mtu akiuliza, tunataja kopi kabla ya kutaja bei. Saa yenye jina la kampuni ingine hatuiuzi hata kidogo, sheria yenyewe inakataza. Tunavaa, tunapeana, tunajifunzia. Anayetaka kuuza kazi yake, aweke uso usio na jina, ao aandike jina lake mwenyewe. Tatu, na hii tunaiomba komite iipitishe leo: saa isipokelewe tena kama rehani mpaka ifunguliwe mbele ya mwenyewe na mbele ya kasha.

Wandugu, mikono ya vijana wetu ni mizuri. Mtoto wa miaka 14 anabadilisha pile kuliko sisi. Lakini mkono unaoweza kufanya kopi ifanane na ya kweli unaweza pia kumlaghai jirani, na tunapenda waanze kujua hilo siku ya kwanza, kabla ya turnevisi.

Tunakaa kila Jumapili kisha ibada, palepale chini ya mwembe. Njoo na saa yako iliyokufa, hata ile unayoionea haya. Ukija na mtoto, muache avue viatu mbali na meza, juu visumari vinapenda kuingia kwenye mchanga. Na kama saa yako bado iko mbele dakika 60, hatutakulazimisha kuirudisha.