Wewe Ni Mtoto wa Nani?



Mwaka wa 1931 dhahabu ilionekana hapa Kakamega. Wageni wakaja mbio, wakapiga mahema, wakachimba. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka wa 1952. Wale waliosifiwa kwa dhahabu yao, leo nani awakumbuka?

Mali hupita hivyo. Labda na yako imepita. Unanisikiliza ukiwa Nairobi. Kazi imekwisha, nawe waona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Wasema moyoni, “Sasa mimi si kitu.”

Ndugu yangu, mzee wa kwetu akikutana na kijana njiani hamwulizi, “Una nini?” Humwuliza, “Wewe ni mtoto wa nani?”

Yule tajiri wa Luka 12 aliyajua mavuno yake na ghala zake, asijue kuwa nafsi yake ina mwenyewe. Usiku ule ule ikatakwa, na ghala zikabaki.

Mali huondoka, Baba aliyekuumba haondoki, nawe u wake. Basi rudi nyumbani, hata mikono mitupu.

Tuombe: Baba, utufundishe kujijua kuwa tu watoto wako. Amina.