Nafasi ya Viongozi wa Dini katika Matangazo ya Kampeni: Mada kwa Semina ya Viongozi wa Dini, Kata ya Mwembesongo, Morogoro, Agosti 2025



Tangazo la kampeni sote tunalijua: bango, fulana, gari la kipaza sauti, kipindi cha redio, klipu ya WhatsApp. Maadili ya Uchaguzi yaliyosainiwa Dodoma Aprili 12, 2025 yanakataza matusi, kashfa na kampeni ndani ya nyumba za ibada.  

Kinachonisumbua kwa miaka mingi ni tangazo ambalo hatulihesabu. Mtia nia anafika baada ya swala ya Ijumaa, au misa inapokaribia kwisha, na mabati, saruji au spika mpya. Kiongozi anashika maiki, anamtaja kwa jina, anamshukuru, anamwombea dua, kisha anaongeza kwamba huyu ni mtu wa watu. Tangazo hilo halina nembo ya chama wala gharama, na hakuna wa kulijibu. Kwenye mkutano wa hadhara mwananchi anaweza kuuliza swali, hata kuzomea. Akiwa kwenye safu ya swala hawezi. Mpinzani akisikia, naye anatafuta msikiti wake au kanisa lake. Udini tunaoulaani majukwaani mara nyingi tumeuanzisha sisi. Nimeyasema haya semina baada ya semina. Watu wanakubali kabisa, halafu mabati yanapokelewa vilevile.

Sheria tunayo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Lakini hakuna polisi atakayekaa msikitini kupima shukrani za imamu. Hilo ni letu.

Na linawezekana. Septemba 2021, kule Butere, Kenya, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia ibadani. Kiongozi wa namna hiyo akikemea uongo wa kampeni, anasikilizwa.

Kwa heshima zote napendekeza yafuatayo. Tangu sasa hadi kura zitakapohesabiwa, mtia nia asipewe maiki katika nyumba ya ibada. Mchango wake usubiri uchaguzi upite. Ikiwa umeshapokelewa, uandikwe kwenye daftari la kamati bila kutangazwa. Dua iombwe kwa ajili ya nchi na wagombea wote, pasipo jina la mtu. Picha ya kiongozi wa dini isitumike kwenye bango, na aliyeitumia bila ruhusa aandikiwe barua siku hiyohiyo. Khutba na mahubiri yarekodiwe yote, ili kipande kikikatwa na kusambazwa, rekodi kamili ipatikane haraka. Uongo wa mgombea ukemewe na sheikh na mchungaji kwa pamoja, hata kama mgombea huyo ni muumini wetu. Narudia: maiki asipewe. Maazimio haya yasainiwe leo, na nakala zifike kwa Mtendaji wa Kata na ofisi za vyama kabla kampeni hazijafunguliwa Agosti 28.