Mstari Mmoja Usisomwe Peke Yake



Wapenzi Wakristu, mwenye Maandiko Matakatifu afungue Injili ya Luka, sura ya 14, mstari wa 26. Asiye nayo aketi karibu na jirani yake. Hapo Yezu awaambia watu wengi waliomfuata kwamba asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake.

Neno hili lilinishinda zamani. Kijana mmoja wa kijiji chetu, aliyebatizwa siku ya Pasaka, alikuja kuniuliza maana yake. Baba yake alikuwa mzee, tena hakutaka dini. Nami nilikuwa na haraka ya kwenda kupiga ngoma ya sala; nikamjibu kwamba neno la Yezu halipunguzwi. Akaenda zake. Tangu siku ile hakumpelekea baba yake unga wa mihogo, wala hakumkatia kuni. Mzee akawa akila kwa huruma ya majirani, na watu wakasema barazani: Dini hii yafundisha watoto kuwatupa wazazi. Nilisikia kwa masikio yangu, nikaona haya.

Nikaenda misioni kumwuliza Padri. Hakunikemea. Alinifungulia kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, akaniamuru kusoma polepole mistari ya 30 na 31. Mstari wa 30 wasema kwamba Yakobo alimpenda Rakeli kuliko Lea. Mstari unaofuata, katika lugha ya Kiebrania, wasema kwamba Lea alichukiwa. Mke ni yule yule, nyumba ni ile ile! Basi kwa Waebrania kuchukia kwaweza kuwa kupenda kidogo kuliko mwingine. Kisha tukasoma Mateo 10:37: fundisho ni lile lile, lakini hapo Yezu akataza kumpenda baba au mama kuliko yeye. Na katika Marko, sura ya 7, awakaripia wale waliosema mali yao ni Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, wapate kuwanyima wazazi msaada. Kijana wetu alikuwa ametenda karibu jambo hilo, nami ndimi niliyempa ruhusa.

Njia hiyo ya kusoma si ya Padri mmoja tu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya ufunuo ya tarehe 18 Novemba 1965, sehemu ya 12, wafundisha kutafuta alilokusudia mwandishi, kuangalia desturi za usemi wa zamani zake, na kushika umoja wa Maandiko yote. Mtakatifu Yeronimo, aliyefariki Betlehemu mwaka 420, alikuwa bingwa wa Kilatini. Hata hivyo alikubali kufundishwa Kiebrania na Myahudi aliyeongoka, kama mtoto wa shule.

Niliporudi kijijini nilimwendea kijana kabla ya kutua mzigo. Nikamwambia: Mwanangu, kosa ni langu. Tukachukua kikapu cha unga, tukaenda kwa mzee. Akapokea, hakusema neno. Siku ya tatu akamtuma mjukuu kumwita mwanawe aje kuezeka paa lililovuja.

Kwa somo lijalo someni Marko, sura ya 7, mistari ya 1 hadi 13, mara mbili. Msilolielewa mpelekeeni katekista wenu. Lakini msimwulize akiwa na haraka.